Ana Risasi Mwilini

Abu Hamour, Doha
12 Machi 2006

Mama Milcah,

Nakusalimu kutoka nchi ambayo hata kivuli kina joto. Mimi ni mzima, nakula, nalala, hata nimenenepa kidogo, kwa hiyo usimsikilize mtu yeyote atakayekuambia vingine.

Uliniuliza kama kweli mimi ni dereva au wakala alinidanganya kama alivyowadanganya wenzangu. Mimi ni dereva. Asubuhi nampeleka mke wa mudiri, yaani bosi wangu, kazini, naosha gari, halafu gari linapumzika. Mimi sipumziki. Mudiri wangu, Bwana Trevor, hapendi kuona mikono ya mtu imekaa bure, na amenitafutia kazi ya pili. Hii nakuandikia ili ucheke.

Bwana huyu ni mpenzi wa kulenga shabaha. Kila Ijumaa tunaenda kwenye uwanja wao huko upande wa Lusail, ambako kwa sasa ni mchanga na vigingi vya wapima ardhi tu, na anayatoboa makaratasi mpaka mchana. Pesa anazo, ila kununua risasi dukani kunamwuma kama jino bovu. Kwa hiyo anajitengenezea nyumbani. Maganda yaliyokwisha kupigwa naokota mimi hadi la mwisho, na vichwa tunavimimina wenyewe gerejini. Naenda Sanaiya, mtaa wa viwanda, kwa mafundi wa tairi, naomba vile vipande vidogo vya kusawazishia magurudumu. Vile ni madini ya risasi tupu. Vikipata moto vinayeyuka kama samli, namimina kwenye kalibu, nafungua, kichwa kinadondoka kinang'aa. Waliotupatia jina hilo moja hawakuwa wajinga: inaingia kwenye sufuria ikiitwa risasi, na inatoka kalibuni ikiitwa risasi.

Yeye huvaa kinyago usoni na kusimama karibu na mlango, ananielekeza kwa kidole. Mimi sijavaa. Mtu aliyelelewa kwenye moshi wa kuni aogope moshi wa Mzungu?

Sasa sikiliza. Nilimwambia Bwana Trevor kuhusu mdogo wangu Japheth, kwamba ni askari wa akiba, na serikali imempa bunduki pamoja na risasi saba za kulindia kijiji kizima dhidi ya wezi wa mifugo. Alicheka sana. Kisha akanipa kalibu moja kuukuu aliyotaka kuitupa. Nimemlipa fundi akairekebisha. Anakuja nayo Mwaura, dereva mwenzangu, anayekuja likizo. Mpe Japheth. Mwambie betri kuukuu za magari zina risasi ileile, na hayo mengine anayajua yeye, mimi nisiyasikie.

Afanyie jikoni mwetu, lile jiko la mawe nililolijenga kwa mshahara wa kwanza. Dirisha lifungwe. Upepo unaharibu kazi, na moshi ukionekana chifu atakuja kuuliza mnapika nini. Hilo jambo ni la watu watatu tu.

Mbusu Milcah. Mwambie namtafutia vile viatu vinavyowaka taa mtoto akitembea.

Wako,
Philip


Kaptirwo, Baringo
9 Aprili 2006

Baba Milcah,

Mwaura alifika, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akaniambia, "Mum, mzee amenituma na ka-mzigo, lakini usikafungue mbele ya wageni." Nikadhani ni dhahabu. Nafungua, nakuta chuma. Miaka miwili mume yuko Uarabuni, na mimi naletewa koleo.

Shemeji Japheth ndiye aliyefurahi. Alichukua sufuria yangu ya ugali, ile kubwa, bila kuniomba ruhusa. Nilipopiga kelele akaisugua kwa majivu na kunirudishia, eti imekuwa safi kuliko mwanzo. Kesho yake akaichukua tena. Sasa tumeelewana: mchana ni yake, jioni ni yangu.

Lakini nisimseme vibaya. Jumanne iliyopita walikuja, watu kumi na wawili, wakakusanya mbuzi wa upande wa mtoni. Wamezoea kwamba akina Japheth hupiga mara mbili kisha wanakimbia. Safari hii alipiga na kupiga. Wakaacha mbuzi wote na kiatu kimoja. Mama mzazi wa Maurice mwenye duka alinikumbatia sokoni akilia, na asante ile ilikuwa ya sufuria yangu. Nimelala usingizi kwa mara ya kwanza tangu uondoke.

Milcah ametimiza miaka minne na habanduki jikoni. Baba mdogo akimimina, yeye amechuchumaa pale, macho yote kwenye kile kitu kinachong'aa. Ule unga wa kijivu unaobaki juu anauchovya kidole na kuramba. Nimemchapa mara mbili. Anasema ni tamu kama glukosi.

Mbona mwandiko wako umekuwa wa mtoto wa darasa la kwanza? Uliandikia wapi?

Rael


Doha
7 Mei 2006

Mama Milcah,

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelainika. Kiatu kimoja! Nimewasimulia watu wote chumbani, mpaka Wayne, mlinzi wa hoteli, ambaye hacheki na mtu.

Mwandiko niliandikia juu ya usukani, gari likiwa linanguruma. Usitafute sababu nyingine.

Bwana Trevor ana mashindano mwezi wa Desemba, kwa hiyo kazi ya gerejini sasa ni ya kila siku. Sina malalamiko. Chakula cha huku kina mafuta mengi, kinanikaza tumbo, basi. Mwambie Japheth asilegee. Waliokimbia na kiatu kimoja watakuja kutafuta cha pili.

Viatu vya Milcah nimeviona duka moja Najma. Vyekundu. Nasubiri mwisho wa mwezi.

Philip


Kaptirwo
2 Juni 2006

Baba Milcah,

Sisi hatujambo. Mvua imenyesha kidogo.

Milcah hajambo pia, ila tumbo linamsumbua. Ni minyoo, nimempa dawa. Amekuwa mvivu wa kula na amepauka, lakini watoto wa hapa wote wamepauka, ni ukame. Usiwe na wasiwasi na uendeshe gari la watu vizuri.

Japheth sasa anafanya kazi na wenzake wawili. Najua ulisema watu watatu tu, lakini wana bunduki na hawana cha kutia, na watoto wao ni majirani wa mtoto wetu. Betri zimejaa nyuma ya jiko. Ninakohoa nikiwasha moto, nikifungua dirisha ananifokea, anasema ndivyo ulivyoagiza.

Ulisema tumbo linakukaza. Linakukaza vipi?

Rael


Nakuru
25 Juni 2006

Baba Milcah,

Naandika nimesimama. Mwaura anarudi huko leo na binamu yangu anamkimbizia barua hii stendi ya basi. Kwa simu siwezi, Japheth anasema haya si mambo ya simu.

Milcah amelazwa, leo ni siku ya nne. Daktari ameniita na kuniambia mtoto ana risasi mwilini. Anasema ni nyingi. Ameniuliza imetoka wapi, nani nyumbani kwetu ana risasi. Nikasema sijui. Japheth aliniapisha nisiseme, kwa sababu wakijua atafungwa, bunduki itachukuliwa, na kijiji chote kitabaki wazi. Daktari anataka tukae wiki mbili, na amesema atawaita watu wa serikali waje kuiangalia nyumba. Nitatoka naye kesho asubuhi kabla hawajaja.

Wewe ndiye unayeijua risasi, unaishika kila siku. Niambie nifanye nini. Nitafanya utakalosema.

Rael


Abu Hamour
29 Juni 2006

Rael,

Mwaura amenipa barua yako nikiwa gerejini. Nimeisoma hapo hapo. Mtoto wa miaka minne. Watu gani hawa?

Sitakuuliza ni nani. Usiandike jina lake, barua zinafunguliwa. Mimi najua na wewe unajua.

Sasa nisikilize, kwa sababu umeniuliza na mimi ndiye baba yake. Usiwaache madaktari wamchokore. Babu yangu mzaa mama, ambaye hukumkuta, aliishi na risasi mwilini miaka thelathini na akafa kwa uzee wake. Ikishatulia haimsumbui mtu. Umefanya vyema kumtoa hospitali, huko maswali ni mengi kuliko dawa.

Tangu utakaposoma hapa, Milcah asitoke nje. Hata hatua moja. Ashinde jikoni na alale jikoni, kwa sababu ndiyo nyumba pekee ya mawe tuliyo nayo. Mlango na dirisha vifungwe, mchana pia. Japheth akae humo humo pamoja naye, na ile kazi asiiache hata siku moja. Aiongeze. Tukipungukiwa na risasi sasa tumekwisha. Ukimwonea huruma akilia kwamba anataka kucheza, kumbuka ni mimi niliyesema, lawama ni zangu.

Nimemwomba Bwana Trevor anisainie khuruji, ile ruhusa ya kutoka nchini, maana bila sahihi yake siwezi hata kukaribia ndege. Amesema mpaka mashindano yaishe. Nilimwambia binti yangu ana risasi mwilini. Nilimwambia kwa Kiingereza, nikasema amepigwa risasi. Akasema pole sana, na akaniongezea nusu siku ya mapumziko.

Wayne anakuja nyumbani Jumamosi, atakuletea barua hii kwa mkono. Anakuja pia na viatu. Mvalishe.

Baba yake,
Philip


Kaptirwo
16 Julai 2006

Baba Milcah,

Wayne alifika hadi mlangoni, hakukubali hata chai. Nimefanya yote uliyoyasema.

Nikuambie ukweli, nilishangaa. Nilidhani utaniambia nimtoe kwenye ule moshi. Moyo ulikuwa unanituma hivyo, na nilikuwa nimekwisha kumtandikia kwa dada yangu Jerusha huko juu mlimani. Japheth mwenyewe alikuwa amesimamisha kazi tangu turudi kutoka Nakuru. Kisha barua yako ikaja. Aliisoma mara mbili, akanitazama, akasema, "Huyu anafanya kazi hii na Wazungu, anajua kuliko sisi." Akawasha moto.

Nikafikiri labda ni kama surua, mtoto asipigwe na upepo mpaka itoke yenyewe. Nimekumbuka lile la babu yako kila siku. Miaka thelathini.

Dirisha nimelifunga na kuziba nyufa kwa matambara. Siku mbili za kwanza alilia akigonga mlango. Sasa halii. Analala sana. Jana mkono wake ulirukaruka na macho yakaenda juu, nikamshika mpaka ikapita, na alipoamka alinitazama kama hanijui. Maneno mengine ameyasahau. Kikombe anakiita "ile".

Viatu vimemtosha. Nimemvalisha akiwa amelala chali, kwa sababu miguu haimbebi vizuri. Japheth alivigonga kwa kidole na taa zikawaka, Milcah akacheka. Jikoni ni giza mchana kutwa, kwa hiyo zinaonekana sana.

Barua hii inakwenda kwa posta, sina mtu wa kumpa. Kama kuna neno sikulielewa vizuri, niandikie upesi.

Rael


Najma, Doha
27 Julai 2006

Rael,

Anayeandika ni Edith, nesi Mkenya wa zahanati moja hapa Najma. Maneno ni yangu, mkono ni wake. Mkono wangu wa kulia umelegea kwenye kifundo, unaning'inia, haushiki kalamu. Nilikudanganya kuhusu usukani. Nilikudanganya kuhusu chakula chenye mafuta. Tangu Machi tumbo linanikata mpaka nauma shati, na sikutaka ujue.

Jumatatu nilianguka gerejini. Bwana Trevor alinileta hapa mlangoni akaenda zake. Edith amenitoa damu, na leo majibu yametoka. Akaniambia, "Kaka, uko na risasi kwa damu, tena mingi." Nikacheka. Nikamwambia, dada, mimi hakuna mtu amenipiga. Akasema, "Si ya bunduki. Ni ile ya kuyeyusha. Ule moshi na ule unga ni sumu, ndiyo unakula mwili."

Nikamwambia arudie.

Rael, nilidhani wamempiga. Nilidhani wale wezi wamempiga mtoto wetu kwa bunduki, na ana kidonda, na watarudi. Babu aliishi na risasi ya bunduki, iliyokaa pajani. Ndiyo maana nilitaka kuta za mawe. Ndiyo maana nilisema afungiwe. Neno nilikuwa nalishika mkononi kila siku na kulitania, na uliponiandikia nikaona bunduki tu.

Mtoe jikoni. Mtoe sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Mpeleke Nakuru, mwambie daktari yote, mpe jina langu, mpe la Japheth, wafunge wanayetaka kumfunga. Edith anasema kuna dawa ya kuivuta itoke. Sufuria ile itupwe. Kalibu itupwe. Usifagie, usikoroge ule unga, ondokeni tu.

Barua itachelewa, najua. Leo nimempigia Maurice dukani mara kumi na moja, mara ya mwisho akashika. Ameahidi kumtuma mtu huko kwetu akuambie hayo hayo. Nimemwambia akimbie.

Nijibu neno moja tu, kwamba umemtoa.

Philip, kwa mkono wa Edith


Kaptirwo
20 Agosti 2006

Philip,

Barua yako ya tarehe ishirini na saba imefika. Mtu wa Maurice alifika kabla yake, tarehe ishirini na nane. Alikuwa amekimbia kweli, hakuweza kusema mpaka alipopewa maji. Tulikuwa tumemzika Milcah siku moja kabla.

Alikwenda asubuhi, Japheth akiwa ametoka kutafuta kuni. Alitetemeka kama siku zile nyingine, na nikamshika kama siku zile nyingine, nikisubiri ipite. Ilipopita nilidhani amelala. Nilikaa naye vile mpaka Japheth aliporudi, na ni yeye aliyeniambia.

Nilimzika na viatu. Watu wa kanisa walisema si vizuri, vinaweza kumfaa mtoto mwingine. Niliwaambia hakuna mtoto mwingine atakayevaa kitu kilichotoka jikoni mle. Wakadhani ni uchungu tu unaosema. Wanaume walipoliweka sanduku chini lilitikisika, na kupitia pengo la ubao niliona taa nyekundu zikiwaka, mara tatu hivi.

Mtu wa Maurice aliposema ulidhani amepigwa kwa bunduki, sikuelewa. Nilizitoa barua zako nikazisoma tena, ile ya Juni hasa. Kila mstari ulisema kitu kingine. Mimi nilisoma "usiandike jina lake" nikajua unamkinga ndugu yako. Nilisoma "usiwaache madaktari wamchokore" nikajua ni sindano. Ulipoandika kwamba mimi na wewe tunajua, nilikubali, kwa sababu nilijua. Nilijua kutoka kwa daktari, alinieleza kwa kirefu kwamba imo katika damu na inatokana na kitu kilichomo nyumbani. Mimi nilikuandikia maneno matatu kwa sababu binamu alikuwa ananivuta mkono, na kwa sababu niliona wewe huna haja ya kuelezwa risasi ni nini.

Kwa hiyo usibebe peke yako. Daktari aliniuliza kwa upole, mara mbili, na mimi nikasema sijui. Hilo hukuniagiza wewe.

Japheth alibeba kalibu na betri zote kwenye toroli akampelekea chifu mwenyewe, na bunduki juu yake. Wamemweka ndani. Nilimpelekea chakula Jumatano, hakula. Aliniomba nimwambie chochote, hata tusi. Nilichukua sahani yangu nikaondoka. Watu wa serikali wamekuja wamevaa vinyago na glavu, wamechimba udongo wa jikoni na kuuweka kwenye mifuko. Wamenitoa damu mimi pia, na watoto wa wale wenzake wawili. Mmoja wao, wa miaka mitatu, amepelekwa Nakuru. Wale wezi wamesikia kwamba hakuna bunduki huku. Walikuja juzi mchana wakachukua mbuzi wote, bila hata kukimbia.

Mshukuru Edith kwa mwandiko wake mzuri. Tumia hizo dawa. Siandiki hivi kwa ubaya, nataka upone.

Nimehamia kwa Jerusha mlimani. Kabla ya kuondoka nilirudi jikoni, nikayatoa matambara kwenye nyufa moja moja, nikalifungua dirisha na kuliegemeza jiwe lisijifunge. Nilipanga kukuuliza kama nilibomoe jiko lile au nilifunge kwa kufuli, kisha nikaona nitaamua mwenyewe.

Ukirudi utanikuta. Ukiandika nitasoma. Ila usiniambie tena nifanye nini.

Rael